Robert Koch: Tabibu aliyevijua viini vinavyoogelea ila akakosa hamali wa dawa

KATIKA mitaa ya Bondeni, karibu na Mji wa Kale wa Mombasa, maji ya mfereji hayaji kila siku. Mara nyingi huchotwa kisimani, au huletwa na hamali anayesukuma mkokoteni uliosheheni mitungi. Kazi ya hamali huyo inafahamika na kila mkazi: kuufikisha mzigo kwenye mlango wa aliyeuagiza, bila kuumwaga njiani na bila kuuteremsha kwa jirani.

Kazi iyo hiyo ndiyo wanasayansi wa karne hii wanajaribu kuwafunza hamali wasioonekana kwa macho. Hawa ni chembe ndogo mno, ambazo nyingine hazifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita, zinazojisukuma zenyewe ndani ya majimaji huku zimebeba shehena. Shehena inayotarajiwa zaidi ni dawa, na mlango unaolengwa ni kiungo kimoja tu cha mwili chenye maradhi.

Msomaji huenda akadhani kuwa hadithi hii ni ya maabara za ng'ambo na haituhusu. Sivyo. Mojawapo ya sababu za kutamani hamali wa aina hiyo ilidhihirika hapa kwetu Afrika Mashariki, katika visiwa vya Ziwa Victoria, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Aliyekuwa na sindano mkononi ni tabibu wa Kijerumani ambaye jina lake linajulikana kote duniani: Robert Koch.

Koch hakuunda chembe yoyote ya kujisukuma. Alifariki mwaka wa 1910, miongo kadhaa kabla ya jambo hilo kuwezekana. Hata hivyo, maisha yake yalipita katikati ya tatizo lenyewe. Alivitazama viini vinavyoogelea kwa nguvu zao vikibeba maradhi, na alishuhudia dawa isiyojua njia ikiwadhuru watu waliomwendea kwa matumaini.

Mwana wa machimboni

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba mwaka wa 1843 katika mji wa Clausthal, kwenye milima ya Harz nchini Ujerumani. Baba yake alikuwa afisa katika shughuli za migodi, na nyumba yao ilikuwa na watoto wengi. Inasimuliwa kwamba alijifunza kusoma kwa kutumia magazeti kabla hajaanza shule.

Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen, akahitimu mwaka wa 1866. Mmoja wa walimu wake, Jakob Henle, alikuwa ameandika tangu mwaka wa 1840 kwamba baadhi ya maradhi husababishwa na viumbe hai vidogo. Wengi hawakuliamini wazo hilo, kwa kuwa hapakuwa na ithibati.

Mwaka wa 1872 Koch aliteuliwa kuwa daktari wa wilaya ya Wollstein, ambayo leo ni Wolsztyn nchini Poland. Mchana aliwatibu wagonjwa wa mashambani. Muda uliosalia alikaa mbele ya hadubini katika chumba alichokigeuza maabara. Huko, bila chuo wala mfadhili, aliufuatilia ugonjwa wa kimeta uliokuwa ukiua mifugo, na mwaka wa 1876 akaonyesha mzunguko mzima wa maisha ya kiini chake.

Baada ya hapo alikabiliwa na kizuizi kidogo chenye maana kubwa kwa habari hii. Koch hakuridhika na michoro ya viini, kwa sababu kila mchoraji alichora alichodhani amekiona. Alitaka picha. Lakini viini vingi havikutulia mbele ya kamera. Vilikwenda mbio, vikageuka, vikatoweka.

Alichofanya ni kuvikausha juu ya kioo na kuvitia rangi. Mwaka wa 1877 alichapisha picha zake, na baadhi zilionyesha mikia myembamba kama uzi iliyochomoza kwenye viini. Hiyo mikia ndiyo iliyokuwa ikivisukuma. Ili apate kuuona mtambo wa mwendo, Koch ilimbidi kwanza ausimamishe mwendo wenyewe.

Mwendo usio wa kawaida

Inafaa tusite hapa tueleze kwa nini mwendo huo ni wa ajabu. Mtu akipiga mbizi baharini na kuacha kupiga miguu, mwili wake huendelea mbele kidogo kabla ya kusimama. Kiini hakina bahati hiyo. Kwa umbo dogo kama lake, maji ni mazito kuliko asali ilivyo kwetu. Kikiacha kujisukuma, husimama papo hapo, kabla ya kusonga hata umbali ulio sawa na upana wa atomu moja. Mwanafizikia Edward Purcell wa Marekani alilifafanua jambo hilo katika makala maarufu ya mwaka wa 1977.

Isitoshe, hata chembe zisizo na uhai hutikiswatikiswa bila kukoma na molekuli za maji zinazozigonga kutoka kila upande. Mtaalamu wa mimea Robert Brown alilichunguza tikisiko hilo mwaka wa 1827. Tikisiko si safari. Chembe inayotikiswa hupelekwa huku na kule bila mwelekeo, ilhali kiini chenye mkia huenda kinakotaka.

Basi anayetaka kusafiri katika ulimwengu huo hana budi kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: kujisukuma bila kupumzika, na kupambana na tikisiko linalompotosha njia. Bakteria wengi hulitatua fumbo hilo kwa kuuzungusha mkia wao kama rafadha ya meli. Kwamba mkia huo huzunguka kwelikweli, wala hauchapi tu kama mjeledi, kulithibitishwa katika miaka ya 1970.

Umaarufu wa Koch, hata hivyo, ulitokana na viini viwili visivyoogelea hata kidogo. Kiini cha kimeta hakina mkia. Kile cha kifua kikuu, alichokitangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi mwaka wa 1882, hakina pia. Tangazo hilo la pili lilimpatia sifa duniani kote, kwani wakati huo kifua kikuu kiliua watu wengi mno barani Ulaya. Viini viogeleavyo vilikuwa vikimngoja kusini na mashariki.

Kipindupindu na maji

Mwaka wa 1883 kipindupindu kilizuka Misri. Ujerumani ikamtuma Koch mjini Alexandria, na Ufaransa ikatuma ujumbe wake. Daktari kijana wa Kifaransa, Louis Thuillier, aliambukizwa akafariki huko huko, na Koch akawa miongoni mwa waliolibeba jeneza lake. Ugonjwa ulipopungua Misri, Koch aliufuata hadi Calcutta, India.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1884 aliripoti kwamba amekipata kiini chenyewe. Kilikuwa na umbo la kupinda kama alama ya mkato, na kilikwenda kasi kwa mkia mmoja tu. Alikikuta pia katika maji ya bwawa ambalo wakazi walilitumia kwa kunywa na kufua. Mwitaliano Filippo Pacini alikuwa amekiona mjini Florence mwaka wa 1854, lakini kazi yake haikusikilizwa.

Habari hiyo iliwagusa watu wa Pwani yetu moja kwa moja, hata kama haikuwafikia mapema. Kipindupindu kilikuwa kimekwisha kulishambulia eneo hili mara kadhaa katika karne ya 19, kikifuata njia za majahazi na misafara. James Christie, daktari wa Kiskoti aliyefanya kazi Zanzibar, alichapisha mwaka wa 1876 kitabu kizima kuhusu mikurupuko hiyo ya Afrika Mashariki. Alizichora njia za ugonjwa kwa makini, ila hakujua ni kitu gani kilichosafiri. Koch ndiye aliyekitia kitu hicho jina na umbo.

Ikumbukwe kwamba kiini cha kipindupindu ni msafiri na mchukuzi kwa pamoja. Mtu akikinywa katika maji machafu, hutumia mkia wake kupenya ute unaoufunika ukuta wa utumbo. Kikishafika, huishusha shehena yake, yaani sumu inayoufanya utumbo kumwaga maji ya mwili kwa wingi. Mgonjwa anaweza kufa kwa ukosefu wa maji katika muda wa saa chache.

Mwaka wa 1892 mji wa Hamburg uliingiwa na kipindupindu, na watu zaidi ya 8,000 wakafa. Mji jirani wa Altona, uliochota maji katika mto ule ule lakini ukayachuja kwa mchanga, ulinusurika kwa kiasi kikubwa. Koch aliutumia mfano huo kuzishawishi serikali kwamba maji safi hushinda hoja. Kwa mkazi yeyote wa Bondeni anayechemsha maji ya kisima kabla ya kuyanywa, somo hilo bado lina uzito.

Ahadi iliyotangulia ithibati

Si kila hatua ya Koch ilikuwa ya kupongezwa. Mwaka wa 1890, akiwa kileleni mwa sifa, alitangaza kwamba amepata kitu cha kukizuia kifua kikuu. Kilikuwa kiowevu kilichoitwa tuberkulini, na mwanzoni aliuficha utaratibu wa kukitengeneza. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka kila pembe ya Ulaya.

Matokeo yalikuwa machungu. Dawa haikuponya, wengine walizidiwa, na baadhi wakafa baada ya kudungwa. Baadaye tuberkulini ilipata kazi ya maana kama kipimo cha kutambua aliyeambukizwa, na matumizi hayo yamedumu. Lakini kama tiba, ilishindwa.

Serikali haikumwacha. Mwaka wa 1891 alifunguliwa taasisi yake mjini Berlin, ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Mwaka wa 1893 alimwacha mkewe wa kwanza, Emmy, akamwoa Hedwig Freiberg. Tangu hapo safari zilichukua sehemu kubwa ya maisha yake, na nyingi zilimleta Afrika.

Papasi na wapagazi

Mwaka wa 1896 alikwenda Afrika Kusini kuchunguza sotoka, gonjwa lililokuwa likiangamiza ng'ombe. Mwaka wa 1897 na 1898 alikuwa Dar es Salaam, akichunguza malaria na magonjwa ya mifugo katika koloni la Wajerumani. Alirejea tena mwaka wa 1904 na 1905, na safari hii alikumbana na mwogeleaji wa aina nyingine.

Katika njia za misafara kutoka pwani kwenda bara, wasafiri walishikwa na homa iliyopanda, ikashuka, kisha ikarudi baada ya siku kadhaa. Wenyeji waliihusisha na papasi, kupe mwenye kujificha katika sakafu za udongo. Koch aliwapasua papasi hao na kuwakuta na kiini chembamba kilichojisokota kama kizibuo. Alikiona hata ndani ya mayai ya papasi, ishara kwamba mama huwarithisha watoto wake maambukizi.

Kiini hicho hakina mkia wa nje. Mikia yake imefichwa chini ya ngozi, na ikizunguka, mwili mzima hujikereza kupita katika damu kama msumari wa skrubu. Wataalamu wengine waliokuwa Uganda na Kongo walifikia matokeo yanayofanana wakati huo huo.

Walioumia zaidi kando ya njia hizo ni wasafiri waliolala katika vibanda vya mapumziko, wakiwemo wapagazi. Mtu aliyebeba pembe na vitambaa mabegani alibeba pia, bila kujua, shehena ndani ya damu yake.

Mwishoni mwa mwaka wa 1905 Koch alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa kazi yake kuhusu kifua kikuu. Alikuwa akikaribia umri wa miaka 62. Wengine wangestaafu. Yeye alifunga mizigo kwa safari iliyokuwa ngumu kuliko zote.

Visiwa vya Sese

Tangu mwanzo wa karne ya 20, ugonjwa wa malale ulikuwa ukiwamaliza watu wa ufuo wa kaskazini wa Ziwa Victoria. Katika Uganda peke yake inakadiriwa kuwa watu zaidi ya 200,000 walifariki katika miaka michache. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ilikuwa imefika Kisumu mwaka wa 1901, na ziwa lililokuwa mbali na Ulaya sasa lilifikiwa na mabwana wa utawala, wafanyabiashara na madaktari.

Mwaka wa 1903 madaktari waliotumwa na Uingereza Entebbe, wakiwemo Aldo Castellani na David Bruce, walibainisha kwamba chanzo ni tripanosoma, kiini kinachoenezwa na mbung'o. Huyu ni mwogeleaji hodari. Mkia wake umeshikamana na mwili kama pezi refu, naye husonga mbele kwa kujipindapinda kati ya chembe za damu. Huanza katika damu na tezi, na hatimaye huvuka hadi kwenye ubongo. Akifika huko, mgonjwa hupotewa na fahamu, husinzia mchana, na mwisho hufariki.

Koch aliwasili katika visiwa vya Sese mwaka wa 1906, kwa ridhaa ya Waingereza, akapiga kambi katika kisiwa cha Bugala. Habari zilienea kwamba kuna tabibu mwenye dawa. Watu walikuja kwa mitumbwi na wengine wakibebwa na jamaa zao. Katika muda mfupi alikuwa akiwatibu zaidi ya wagonjwa 1,000.

Dawa yenyewe iliitwa atoksili. Ilitengenezwa kwa aseniki, sumu inayojulikana tangu kale. Mwanzoni ilileta matumaini makubwa. Tripanosoma walitoweka katika damu, na wagonjwa waliokuwa hoi waliweza kusimama. Lakini baada ya muda viini vilirudi. Dawa ilikuwa imevifukuza damuni bila kuvifikia vyote mwilini.

Koch akakata shauri la kuongeza kipimo. Aliwadunga wagonjwa hadi gramu moja kwa mara moja, mara mbili ya kiasi alichokuwa akitumia. Wagonjwa walilalamika kwa kizunguzungu na maumivu ya tumbo. Kisha wakaanza kupoteza nuru ya macho. Kufikia wakati alipositisha kipimo hicho, watu 22 walikuwa wamepofuka kabisa, na macho yao hayakurudi tena.

Majina ya hao 22 hayajulikani kama linavyojulikana la tabibu. Lakini kwa kuwaangalia wao ndipo tatizo la kisayansi linapoeleweka. Aseniki haikukosea kumuua tripanosoma. Ilikosea njia. Ilitiwa mwilini ikaenea kila mahali, kama maji yaliyomwagwa mtaa mzima kwa sababu nyumba moja ina kiu. Ilipofika kwenye neva za macho, ambazo hazikuwa na kosa lolote, ikaziunguza.

Kuna kosa la pili ambalo si la kemia. Kuwapima wagonjwa wa Sese kwa dozi kubwa kulifanyika chini ya ukoloni, mahali ambapo mgonjwa hakuwa na nafasi ya kuelezwa hatari na kukubali au kukataa. Koch alipendekeza pia kwamba wagonjwa wakusanywe katika kambi za kutengwa. Waingereza kwa upande wao waliwahamisha wakazi wa Sese kutoka visiwani mwao, na kufikia mwaka wa 1909 visiwa vilikuwa karibu vitupu. Katika miaka ya karibuni mjadala umezuka nchini Ujerumani kuhusu namna ya kulikumbuka jina la Koch, na kambi za malale ndizo kiini cha mjadala huo.

Koch alirejea kwao mwaka wa 1907. Moyo wake ulikuwa umedhoofika. Alifariki tarehe 27 Mei mwaka wa 1910 katika mji wa Baden-Baden, na majivu yake yamehifadhiwa ndani ya taasisi yake mjini Berlin.

Kutoka risasi hadi hamali

Paul Ehrlich, rafiki na mwanafunzi wa fikra za Koch, aliichukua atoksili na kuibadilisha kipande kwa kipande maabarani. Aliota dawa iliyo kama risasi isiyokosa shabaha, inayokiua kiini na kumwacha mgonjwa salama. Mwaka wa 1910, mwaka aliofariki Koch, dawa yake ya kaswende iitwayo Salvarsan ilianza kuuzwa.

Hata hivyo, risasi hiyo haina miguu. Dawa nyingi tunazozimeza hadi leo huenda zinakopelekwa na damu, na sehemu kubwa huishia mahali pasipo na maradhi. Hapo ndipo wazo la hamali linapoingia. Badala ya kuitengeneza dawa iijue shabaha, kwa nini isipatiwe mbebaji anayejisukuma hadi kwenye shabaha?

Hatua ya kwanza kubwa ilitangazwa mwaka wa 2004 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani. Walitengeneza vijiti vyenye urefu wa mikromita mbili hivi, karibu sawa na bakteria, upande mmoja platinamu na mwingine dhahabu. Walipovitia katika maji yenye haidrojeni peroksaidi, platinamu iliivunja kemikali hiyo, umeme ukapita ndani ya kijiti, na majimaji yakateleza kando yake. Kijiti kikaogelea bila mkia wala injini. Upungufu wake ni kwamba kemikali hiyo haifai kutiwa katika damu ya mtu.

Wengine wakatafuta nishati iliyomo tayari mwilini. Mwaka wa 2017, kundi la Chuo Kikuu cha California mjini San Diego liliripoti chembe zenye kiini cha magnesiamu. Zikikutana na asidi ya tumbo, hutoa mapovu ya haidrojeni yanayozisukuma, na papo hapo huipunguza asidi hiyo ili isiiharibu shehena. Shehena ilikuwa dawa ya kuua bakteria wa vidonda vya tumbo, na panya waliotibiwa walipungukiwa na bakteria hao.

Mwaka wa 2024, watafiti wa Barcelona walieleza chembe zinazotumia urea, kemikali iliyomo ndani ya mkojo, kujisukuma katika kibofu cha panya. Zilibeba madini yenye mnururisho, na uvimbe wa saratani ukapungua kwa takriban asilimia 90.

La kushangaza zaidi lilitokea Montreal, Kanada, mwaka wa 2016. Watafiti waliwachukua bakteria wanaoogelea kwa kufuata sumaku na kupenda mahali penye hewa kidogo, wakawatwika kila mmoja vifuko takriban 70 vya kubebea dawa. Kwa msaada wa sumaku, bakteria hao waliingia ndani kabisa ya uvimbe wa saratani katika panya, sehemu ambazo damu haifiki vyema. Mwogeleaji ambaye jamaa zake Koch alitumia maisha kuwapiga vita, amegeuzwa kuwa mchukuzi wa tiba.

Mizani ya leo

Ni vyema tusiharakishe kushangilia. Kisa cha tuberkulini kinatufunza kwamba sifa za mgunduzi si ithibati ya dawa. Mengi ya majaribio haya yamefanyika kwa wanyama, na hamali hawa bado hawajawa tiba ya kawaida hospitalini. Damu hukimbia kwa kasi inayozishinda chembe nyingi. Askari wa mwili huzikamata kama wavamizi. Na baada ya kuishusha shehena, ni lazima chembe yenyewe iyeyuke au itoke bila kuacha madhara.

Aidha, ugonjwa wa malale wenyewe ulipata suluhu kwa njia nyingine. Kwa miongo mingi tangu mwaka wa 1949, wagonjwa waliofikia hatua ya ubongo walitibiwa kwa melarsoproli, dawa nyingine ya aseniki iliyomuua takriban mmoja kati ya kila 20. Leo kuna vidonge vya feksinidazoli, vilivyoidhinishwa na wataalamu wa Ulaya mwaka wa 2018 baada ya majaribio yaliyofanyika zaidi nchini Kongo, na humezwa bila sindano. Mwaka wa 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeutokomeza ugonjwa huo kama tatizo la afya ya umma.

Vidonge hivyo vinatukumbusha kwamba kufika kwa dawa si suala la injini peke yake. Vilifaulu kwa sababu molekuli yake huweza kuingia hadi kwenye ubongo, na kwa sababu wagonjwa walioshiriki katika majaribio walielezwa na kuombwa ridhaa. Mambo yote mawili yalikosekana Sese.

Siku itafika ambapo chembe zinazojisukuma zitajaribiwa kwa binadamu kwa wingi, na huenda baadhi ya majaribio yakaletwa Afrika, ambako maradhi ni mengi. Siku hiyo, maswali hayatakuwa tu kuhusu kasi ya chembe na ukubwa wa mzigo. Itafaa kuulizwa ni nani aliyeagiza mzigo huo, ni nani anayeupokea, na kama amepewa nafasi ya kuufunga mlango wake akipenda.

Koch alituachia maarifa yanayowaokoa watu hadi sasa kila wanapokunywa maji safi. Alituachia pia watu 22 waliorudi katika mitumbwi yao wakiongozwa kwa mkono. Wanaoandika historia ya hamali wadogo wa dawa wangefanya vyema kuianza na hao.